Intigrali za mara mbili na mara tatu: mwongozo kwa anayesoma na anayefundisha

Mwanafunzi anayeangushwa na intigrali za mara mbili mara nyingi kuintigreti anajua vizuri tu. Mpe ∫ x² dx, atakuwa ameimaliza kabla hujageuka. Kinachomkwamisha ni mipaka: aanzie wapi, aishie wapi, na kwa nini mpaka mmoja ni namba tupu na mwingine una x ndani yake. Ndiyo maana mwongozo huu unakaa sana kwenye mipaka na kuupitia ukokotozi haraka haraka.

Nawaandikia vijana waliomaliza kidato cha sita Masasi, Newala, Nachingwea au Lindi mjini kwa PCM (Fizikia, Kemia, Hisabati) au EGM (Uchumi, Jiografia, Hisabati) na sasa wako mwaka wa kwanza au wa pili wa chuo, pamoja na walimu wanaowashika mkono wakirudi likizo. Advansi, yaani kidato cha tano na sita, inakufikisha kwenye eneo lililo chini ya mkunjo, ujazo wa umbo linalozungushwa kwenye mhimili, na kanuni za trapeza na Simpson. Ukivuka pale mlango, unakutana na fanksheni ya vigeu viwili, na mhadhiri hana muda wa kukusubiri.

Hatua ya 1: Jipime kwa kuchora

Chukua karatasi moja. Bila simu, chora y = x², y = √x, y = 2 − x na duara x² + y² = 4. Tafuta mistari hiyo inakutana wapi, miwili miwili. Kama zoezi hili limekula zaidi ya nusu saa, kazi yako ya wiki hii ni kuchora, intigrali zitakusubiri. Kwa upande wa ukokotozi unahitaji kubadilisha kigeu, kuintigreti kwa sehemu, na kujua la kufanya na sin² na cos². Hayo yote ulishayafanya Advansi, yapitie jioni moja yatosha.

Hatua ya 2: Jumla kwanza, alama baadaye

Chukua bwawa la kuanikia chumvi, kama yale ya kandokando ya bahari huku kusini ambako maji yanaachwa yakaushwe na jua. Tuseme ni la mstatili, urefu mita 10 na upana mita 6. Sakafu yake imelala upande: kwenye kona moja kina ni sentimita 10, kisha kinaongezeka sentimita 1 kwa kila mita unayokwenda kwa urefu, na sentimita 2 kwa kila mita unayokwenda kwa upana. Tukiandika kwa mita:

k(x, y) = 0.10 + 0.01x + 0.02y

Bwawa likijaa, lina mita za ujazo ngapi za maji?

Usiandike intigrali bado. Ligawe bwawa vipande vinne, kila kimoja mita 5 kwa 3, yaani mita za mraba 15. Katika kila kipande chukua kina cha kona iliyo na maji machache kuliko zote: 0.10, 0.15, 0.16 na 0.21. Jumla ni 0.62, mara 15 unapata 9.3. Rudia kwa kona zenye maji mengi: 0.21, 0.26, 0.27, 0.32. Jumla 1.06, mara 15 ni 15.9. Tayari unajua jambo la uhakika: maji yanazidi mita za ujazo 9.3 na hayafiki 15.9.

Gawa tena, safari hii vipande 16 vya mita 2.5 kwa 1.5. Ukifanya vilevile utapata 10.95 kwa chini na 14.25 kwa juu. Pengo linabana. Ukiendelea kugawa, namba mbili hizo zinasogeleana hadi zinakutana mahali pamoja, na namba hiyo ya kukutania ndiyo intigrali ya mara mbili ya k juu ya mstatili ule.

Mwalimu mwenzangu, hapa usikimbie. Waachie wanafunzi wafanye vile vipande vinne kwa mkono, na vile 16 wagawane kikundi kizima. Asiyepitia hapa ataendelea kudhani kwamba alama mbili za ∫ ni amri ya kufanya kitu kilekile mara mbili, na atashindwa kujua afanye nini siku akipewa vipimo kwenye jedwali bila fomyula.

Hatua ya 3: Kata vipande vyembamba

Kujumlisha vipande elfu kwa mkono hakuna anayetaka. Badala yake lisimamishe x mahali pamoja, kama vile umesimika ubao ukikatiza bwawa kwa upana wake. Eneo la maji yanayogusa ubao ule ni:

A(x) = ∫ (y: 0 → 6) (0.10 + 0.01x + 0.02y) dy = 0.96 + 0.06x

Humo ndani x inatulia kama namba yoyote ile; y peke yake ndiyo inayotembea. Kisha usogeze ubao kutoka x = 0 hadi x = 10:

∫ (x: 0 → 10) (0.96 + 0.06x) dx = 9.6 + 3 = 12.6

Mita za ujazo 12.6, katikati kabisa ya 9.3 na 15.9. Anza sasa na x, umalizie na y: ya ndani inatoa 1.5 + 0.2y, na ya nje inatoa 9 + 3.6, yaleyale 12.6.

Kwamba mpangilio wowote unaleta jibu moja ni jambo ambalo Guido Fubini, Mtaliano, alilithibitisha kwa upana wake mwaka 1907. Kwa fanksheni isiyokatika juu ya eneo lenye mipaka ya kawaida, kama hizi za darasani, huna haja ya kuhofu. Ila usiambie darasa kwamba ni hivyo siku zote. Fanksheni (x² − y²)/(x² + y²)² juu ya mraba wa kutoka 0 hadi 1 inatoa π/4 ukianza na y, na −π/4 ukianza na x, kwa sababu inalipuka kwenye kona ya (0, 0). Mwanafunzi hodari mpe aihakikishe mwenyewe. Itamkalia kichwani kuliko onyo lolote.

Hatua ya 4: Ufito na mipaka

Hapa ndipo penye kazi, na hapa ndipo utumie nusu ya muda wako wote.

Maeneo mengi si mstatili. Tuchukue eneo lililofungwa kati ya y = x² na y = 2x. Lichore kwa chaki sakafuni, kubwa, mtu aweze kusimama ndani. Walio karibu na ufukwe, iwe Shangani ya Mtwara au Lindi, mchanga wenye unyevu ni bora kuliko ubao wa darasani. Halafu tafuta ufito ulionyooka, wa mwanzi au hata mpini wa ufagio.

Laza ufito uelekee juu, yaani sambamba na mhimili wa y, popote ndani ya eneo. Uliza maswali mawili tu, kwa sauti: *ufito unaingilia wapi? Unatokea wapi?* Unaingia kwenye y = x², unatoka kwenye y = 2x. Usogeze kushoto, usogeze kulia: majibu hayabadiliki. Basi hiyo ndiyo mipaka ya ndani, y kutoka x² hadi 2x. Swali la tatu: ufito unaweza kusogezwa kuanzia wapi hadi wapi kabla haujatoka nje ya eneo? Kuanzia x = 0 hadi x = 2. Hiyo ndiyo mipaka ya nje.

Sasa ugeuze ufito ulale sambamba na mhimili wa x. Unaingilia upande wa kushoto, kwenye mstari y = 2x, ambao ukiusoma kwa upande wa x ni x = y/2. Unatokea kwenye mkunjo, x = √y. Unasogezwa kutoka y = 0 hadi y = 4. Eneo ni lilelile, lakini maandishi yote yamebadilika. Tukiintigreti x juu yake:

∫ (x: 0 → 2) ∫ (y: x² → 2x) x dy dx = 16/3 − 4 = 4/3

∫ (y: 0 → 4) ∫ (x: y/2 → √y) x dx dy = ½(8 − 16/3) = 4/3

Mwanafunzi mmoja ashike ufito, mwingine asome anapoingia na anapotoka, wa tatu aandike. Wabadilishane. Na asomaye aseme kwa Kiswahili cha kawaida, "naingia kwenye parabola, natoka kwenye mstari," kabla mwandishi hajagusa kalamu. Mkifanya maeneo matano kwa namna hii, mengi ya matatizo ya mipaka yanakwisha bila mhadhara.

Kuna sheria mbili za kubandika ukutani. Ya kwanza, mipaka ya nje ni namba, haina kigeu. Ya pili, mipaka ya ndani inaruhusiwa kuwa na kigeu cha nje peke yake. Jibu la mwisho likibaki na x ndani yake, usihangaike kutafuta kosa kwenye hesabu. Rudi kwenye mchoro.

Na tabia moja ndogo inayookoa watu: andika jina la kigeu kwenye mpaka. Usiandike 4, andika y = 4. Vitabu havifanyi hivyo, lakini vitabu havifanyi mtihani.

Kuna maeneo ambayo ufito wa kusimama unakusumbua na wa kulala unakupumzisha. Chora eneo linalozungukwa na mhimili wa x, mkunjo y = √x na mstari y = 2 − x. Ufito wa kusimama unatokea kwenye √x mpaka x = 1, kuanzia hapo unatokea kwenye 2 − x. Njia ya kutokea imebadilika katikati ya safari, maana yake itabidi uandike intigrali mbili. Ulaze ufito: unaingilia x = y², unatokea x = 2 − y, kuanzia y = 0 hadi y = 1, intigrali moja tu. Eneo lake ni 2 − ½ − ⅓ = 7/6. Wale wanaoanza na dy dx kila siku kwa mazoea wanapoteza dakika kumi hapa.

Hatua ya 5: Kugeuza mpangilio

Swali hili halikosi kwenye pasti pepa:

∫ (x: 0 → 4) ∫ (y: √x → 2) √(1 + y³) dy dx

Ukijaribu kuintigreti √(1 + y³) kwa y utakesha. Haina jibu kwa fanksheni tulizozizoea. Aliyetunga swali anajua hilo; anataka ugeuze.

Wengi hapa hubadilishana mipaka kama ilivyo, wakaandika y kutoka 0 hadi 4 na x kutoka √x hadi 2. Hiyo ya pili ukiitazama tu inachekesha, x ikianzia kwenye √x, lakini kwenye chumba cha mtihani hakuna anayecheka. Dawa ni kusoma mipaka uliyopewa na kurudi kwenye mchoro: x iko kati ya 0 na 4, y iko juu ya mkunjo y = √x na chini ya mstari y = 2. Ni eneo dogo la upande wa juu kushoto. Laza ufito: unaingilia kwenye mhimili wa y, x = 0, unatokea kwenye mkunjo, x = y². Unasogezwa kutoka y = 0 hadi y = 2.

∫ (y: 0 → 2) ∫ (x: 0 → y²) √(1 + y³) dx dy = ∫ (y: 0 → 2) y²√(1 + y³) dy

Ile y² iliyozaliwa ndiyo iliyokuwa inakosekana. Weka u = 1 + y³, upate (2/9)(27 − 1) = 52/9, kama 5.78.

Je, inaingia akilini? Eneo lenyewe ni 8/3, karibu 2.67, na fanksheni iko kati ya 1 na 3. Jibu lazima liwe kati ya 2.67 na 8, na limo. Ukaguzi wa namna hii unachukua nusu dakika, uufanye kwa kila swali.

Hatua ya 6: Maumbo ya mviringo

Ukiona x² + y² ndani ya fanksheni, au duara kwenye mpaka, hamia kwenye majiranukta ya polari: r ni umbali kutoka kitovu, θ ni pembe. Kila mtu anakumbuka x = r cos θ na y = r sin θ. Kinachosahaulika ni r ya ziada kwenye dA = r dr dθ.

Usimpe mwanafunzi r hiyo kama kanuni ya kukariri. Mwonyeshe kwa namba. Chukua kipande kidogo cha duara, r kutoka 2 hadi 2.1, pembe 0.1 ya radiani. Eneo lake ni ½(2.1² − 2²)(0.1) = 0.0205. Sasa nenda mbali, r kutoka 10 hadi 10.1, pembe ileile 0.1. Eneo ni ½(10.1² − 10²)(0.1) = 0.1005. dr ni moja, dθ ni moja, lakini kipande cha mbali ni kikubwa karibu mara tano, kwa kuwa tao lake ni refu mara tano. Urefu wa tao ni r dθ, unene ni dr, ukizidisha unapata r dr dθ.

Rundo la chumvi lililomwagwa chini huwa na umbo la pia (koni). Tuseme nusukipenyo chake ni mita 2 na kimo mita 1.5. Juu ya nukta iliyo umbali r, kimo ni 1.5 − 0.75r. Ujazo:

∫ (θ: 0 → 2π) ∫ (r: 0 → 2) (1.5 − 0.75r) r dr dθ = 2π(3 − 2) = 2π

Ni kama mita za ujazo 6.28. Fomyula ya zamani ya ujazo wa pia, ⅓πr²h, inatoa ⅓ × π × 4 × 1.5, 2π vilevile. Ukiiacha r utapata 3π. Na hata bila kujua fomyula ya pia, vipimo vitakusema: kimo ni mita, dr ni mita, dθ haina kipimo, jumla mita za mraba. Ujazo gani huo wa mita za mraba?

Mfano mtamu zaidi uko Kilwa Kisiwani. Husuni Kubwa, jumba la masultani la karne ya 14, lina bwawa la kuogelea la pembe nane. Tuchukulie pande zote nane ziko sawa, na umbali kutoka katikati ya bwawa hadi katikati ya upande mmoja ni a. Eneo lake?

Kwa x na y utaandika vipande mpaka uchoke. Simama katikati ya bwawa na ufito wako, uelekeze kwenye upande mmoja. Upande huo ni mstari ulionyooka, x = a, na kwa polari r cos θ = a, kwa hiyo r = a/cos θ. Ufito unaanzia r = 0 unatokea r = a/cos θ, na kwa upande mmoja unazunguka kutoka θ = −π/8 hadi θ = π/8. Vipande vinane vinalingana:

Eneo = 8 ∫ (θ: −π/8 → π/8) ∫ (r: 0 → a/cos θ) r dr dθ = 8a² tan(π/8)

Ambayo ni karibu 3.31a². Duara linaloenea ndani yake lina πa², kama 3.14a², na mraba unaolizunguka una 4a². Jibu limekaa katikati yao, karibu zaidi na duara, kama macho yanavyotarajia. Nalipenda swali hili kwa sababu linavunja dhana kwamba polari ni ya maduara tu na kwamba r daima inaishia kwenye namba.

Hatua ya 7: Mara tatu

Ukielewa ufito, intigrali ya mara tatu haina jipya kubwa. Ufito unasimama wima na kuuliza sakafu iko wapi na dari iko wapi. Ukishapata z, unaangusha kivuli cha umbo sakafuni, na kivuli hicho kinabaki kuwa swali la mara mbili ulilokwisha kulizoea.

Korosho zimemwagwa kwenye kona ya ghala, zimefika mita 3 kwenye kila ukuta chini na mita 2 kwa kimo pale konani. Tuchukulie uso wa rundo ni bapa: x/3 + y/3 + z/2 = 1. Ufito wima unaingilia z = 0 na unatokea z = 2(1 − x/3 − y/3). Kivuli sakafuni ni pembetatu: y kutoka 0 hadi 3 − x, x kutoka 0 hadi 3. Ujazo unatoka mita za ujazo 3.

Kwa swali hili ningekushauri ukate kwa ulalo. Kwenye kimo z, kipande kilicholala ni pembetatu yenye eneo 4.5(1 − z/2)². Intigreti kutoka 0 hadi 2, 3 inakuja kwa mstari mmoja. Na ukitaka kimo cha wastani cha korosho zote, intigreti z × 4.5(1 − z/2)², upate 1.5, ugawe kwa 3: nusu mita. Robo ya kimo cha rundo, kwa kuwa sehemu kubwa ya mzigo iko chini.

Mwanafunzi atauliza ya nini mara tatu kama eneo la kipande linatosha. Jibu liko chini ya miguu yetu. Gesi ya Mnazi Bay iligunduliwa mwaka 1982, ya Songo Songo mwaka 1974, na haimo kwenye pango tupu. Imo kwenye vitundu vidogo vya mwamba. Sehemu moja mwamba una vitundu vingi, kwingine vichache, na baadhi ya vitundu vimejaa maji badala ya gesi. Anayekadiria gesi iliyomo anazidisha, kwa kila kipande kidogo cha mwamba, sehemu iliyo vitundu kwa sehemu ya vitundu yenye gesi, kisha anajumlisha mwamba mzima. Fanksheni hiyo inabadilika kwa x, kwa y na kwa z. Kwa vitendo kompyuta ndiyo inayojumlisha, kwa vipande, kama wewe na bwawa lako la chumvi.

Majiranukta ya silinda ni polari yenye z pembeni, hayana la ziada. Ya tufe (ρ ni umbali kutoka kitovu, φ ni pembe kutoka juu, θ ni pembe ya kuzunguka), dV = ρ² sin φ dρ dφ dθ, yachore mara moja na uone pande tatu za kile kiboksi: dρ, ρ dφ, na ρ sin φ dθ. Angalizo moja: wapo wanaopima φ kutoka juu na wapo wanaobadilishana φ na θ. Angalia kwanza desa la mhadhiri wako linafuata lipi.

Hatua ya 8: Jakobiani, kwa ufupi

Ile r ya polari ni mfano mmoja tu. Kila ukibadilisha vigeu, vipande vinavimba au vinasinyaa, na kipimo cha kuvimba huko ni Jakobiani, inayobeba jina la Carl Jacobi, Mjerumani (1804–1851).

Shamba limepakana na mistari x + y = 1, x + y = 3, x − y = 0 na x − y = 2. Weka u = x + y, v = x − y. Kwa u na v ni mraba wa 2 kwa 2, eneo 4. Je, shamba nalo ni 4? Hapana. Mistari sambamba imeachana kwa √2, kwa hiyo shamba ni mraba wa √2 kwa √2, eneo 2. Kizidisho ni ½. Ukikokotoa ditaminanti ya u na v kwa x na y utapata −2. Ondoa alama ya kutoa, halafu pindua, ndiyo ½ yako. Wanaosahau kupindua wanapata 8, na mchoro wa haraka ungewaambia kwamba haiwezekani.

Kwa anayefundisha

Toa maswali ambayo hayaombi jibu. Andika maeneo kumi ubaoni, waambie waandike mipaka tu, kwa mipangilio yote miwili, wasiintigreti hata moja. Dakika arobaini zinatosha na utaona waziwazi nani anaelewa. Kwenye kusahihisha, zipe alama zaidi mipaka na mchoro kuliko ukokotozi. Wanafunzi husoma kile kinacholipa.

GeoGebra, programu ya kuchora grafu, ni ya bure na inaonyesha nyuso za vipimo vitatu hata kwenye simu. Itumie baada ya wao kuchora, wakague michoro yao. Ikianza simu, mkono haujifunzi.

Kwenye diskasheni, kabla ya kukokotoa, fundisha kutazama ulinganifu. Intigrali ya x juu ya duara lililo na kitovu (0, 0) ni sifuri, kwa sababu kila nukta ya kulia ina mwenzake kushoto. Nimeona kurasa tatu za sin na cos zikiandikwa kuifikia sifuri hiyo.

Maswali ya kuanzia

1. Intigreti y juu ya eneo lililo kati ya y = x² na y = 2x. Jibu: 32/15.

2. ∫ (x: 0 → 1) ∫ (y: x → 1) e^(y²) dy dx. Geuza kwanza. Jibu: (e − 1)/2, kama 0.86.

3. Ujazo wa kuba la nusu tufe, nusukipenyo mita 3, kwa polari. Jibu: 18π.

4. Rundo la konani lenye uso x/2 + y/4 + z = 1. Jibu: 4/3. Liandike kwa mipangilio yote sita.

5. Wastani wa umbali kutoka kitovu, kwa nukta zote zilizo ndani ya duara la nusukipenyo R. Kabla ya kukokotoa, kila mmoja kwenye kikundi aandike anachodhani. Wengi wataandika R/2. Jibu ni 2R/3, na anayeweza kueleza kwa nini ni zaidi ya nusu, kwa kutumia kile kipande cha 0.0205 na kile cha 0.1005, hahitaji tena kukumbushwa r ya dA.